Maziwa ya Mama Mkwe Niliyoyamwaga

Kazi yangu hapa Uriri ni kupima maziwa. Wakulima huleta mitungi asubuhi, mimi nachota kidogo, nachovya kipimo, natazama kimeelea wapi. Kikizama kupita alama, nasema yametiwa maji, na maziwa hayo hayaingii tangini. Nimefanya hivyo miaka mingi, na nilikuwa najigamba kwamba kazini sijui undugu. Nikiyakumbuka majigambo hayo sasa, natamani kujichapa.

Siku ile mwenye bodaboda alileta mtungi wa mama mkwe wangu. Mwenyewe hakuwa akija. Kwetu Wajaluo mama mkwe, maro, huheshimiwa kwa mbali: hampeani mikono, hamli meza moja, wala hupiti nyuma ya nyumba yake kuchungulia zizi. Ng'ombe aliyetoa maziwa hayo nilimpeleka mimi, mtamba wa gredi, wa maziwa mengi, niliyemtoa kwa mahari ya binti yake. Alikuwa amezaa wiki chache tu.

Kipimo kilizama. Nikapima tena, kikazama tena. Watu kwenye foleni walijua mtungi ni wa nani, wote wakasogea waone nitafanya nini.

"Bosi, hii ni ya maro wako," mwenye boda akaninong'oneza.

"Maji ni maji," nikasema kwa sauti, ili wasikie. Nikaumimina mtungi wote mtaroni. Nakumbuka utando wa krimu ulibaki juu ya mchanga, mzito, wa manjano, na kuku wakaja kuudonoa. Niliuona kwa macho yangu mawili na sikufikiri lolote.

Jioni mke wangu alinipa ujumbe wa mama yake. "Mama anasema uende umkamue ng'ombe wewe mwenyewe, uone."

Ndivyo inavyotakiwa hata kikazi. Mkulima akibisha, mpimaji huenda zizini na ng'ombe hukamuliwa mbele yake. Lakini mimi nichuchumae nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, nishike chuchu za ng'ombe wa mahari? Nilicheka. Nilimwambia mke wangu amwambie mama yake aache michezo. Ningeweza hata kumtuma mwenzangu wa kazi, na sikumtuma. Wiki nzima mke wangu hakunisemesha.

Maziwa ya mama mkwe hayakuja tena. Niliambiwa kanisani amehamia benchi la nyuma, mbali na akina mama wenzake. Baada ya miezi miwili akamuuza ng'ombe kwa mchinjaji.

Mwaka uliofuata wapimaji tulipelekwa semina Homa Bay. Mtaalamu mmoja, mwanamke mpole, alichora kiwele ubaoni. Akasema kiwele hutengeneza protini ya maziwa kwa kuamriwa na homoni, na mojawapo ni insulini, hiyohiyo wanayodungwa wagonjwa wa sukari. Ng'ombe akiwa amezaa karibuni na hashibi, insulini yake hushuka, na protini nayo hupungua. Homoni ya ukuaji hupanda, inayeyusha mafuta ya mwilini mwake na kuyapeleka kwenye maziwa.

"Kwa hivyo unapata maziwa yenye krimu nyingi na protini kidogo," akasema. "Hayo ni mepesi, kipimo chako kitazama. Hapo mkulima hajakuibia, ng'ombe ana njaa. Angalia krimu! Maji yangeipunguza nayo."

Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa naona mtaro, utando wa manjano na wale kuku. Nilimkumbuka shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa akimkatia ng'ombe majani mabichi ya nepia kabla hajaenda Osiri kuchimba dhahabu. Baada ya hapo mama yake alibaki peke yake na mabua makavu ya mahindi. Mke wangu alikuwa amenieleza hayo zamani, tukila chakula, na mimi nikaitikia tu.

Nilienda kuomba msamaha. Nilikaribishwa katika nyumba ya shemeji, iliyokuwa haina mtu, kwa sababu mkwe haingii ovyo kwa mama mkwe. Mke wangu akayapeleka maneno yangu ng'ambo ya ua, nikabaki nikimngoja. Akarudi.

"Anasema hakumbuki maziwa yoyote."

Kisha akaniwekea kikombe mezani. Ilikuwa chai ya rangi. Katika boma lile sikuwahi kupewa chai isiyo na maziwa tangu nilipoenda mara ya kwanza kuposa. Nilikuwa bado nakitazama kile kikombe niliposikia sauti ya mama mkwe kutoka jikoni kwake. Alikuwa anamwambia binti yake, lakini kwa sauti ya juu ili nami nisikie:

"Mwambie mkwe wangu anisamehe. Maziwa haiko."