Jeneza la Mama Gerejini

Mpaka leo nikipita duka la mbao nikasikia harufu ya msonobari, mikono yangu huanza kutafuta kitu cha kushika. Msinicheke. Ni harufu ya ule mwaka wa korona tuliofungiwa ndani, nikiwa darasa la sita, nyumbani kwetu Quakers Hill, huku ughaibuni.

Mama alikuwa muuguzi. Akitoka kazini alioga kwanza ndipo aniguse, kisha akaingia gerejini kutengeneza jeneza. Naam, lake mwenyewe. Alijifunza kwa video, na msumari wa kwanza ulipopinda aliutukana kwa Kibukusu. Mimi sikutulia. Nilizungukazunguka mlangoni nikitafuna kucha, nikitega sikio nisikie kama anakohoa.

“Mum, are you sick?”

“Mimi ni mzima kabisa. Njoo ushike huu utepe wa kupimia.”

Akalala sakafuni nikampima. Siku ile nilimchukia, nawaambia kweli.

Lililoniudhi zaidi ni somo. Baba alizikwa Bungoma nikiwa mchanga, na kwetu mke huzikwa kando ya mumewe, hata afie wapi. Mama hakutaka. Basi yeye akipiga randa, mimi niliyezoea kujibu kwa Kiingereza nilitakiwa kusema kwa Kiswahili: “Mama alisema azikwe hapa, karibu nami.” Nikikosea, narudia.

“Sema kama unamwambia mtu mzima,” alinisahihisha. “Lakini usiombe.”

Nilidhani ananifundisha lugha.

Jeneza likaisha, mipaka ikafunguliwa, naye Mama bado yupo. Tukaweka blanketi na unga wa ugali ndani yake, nikalizoea kama kabati.

Alifariki majira ya baridi yaliyopita, kwa ugonjwa wa moyo. Sijamaliza hata kulia, baba mkubwa akapiga simu kutoka Bungoma.

“Tumeshasafisha mahali pake kando ya baba yako. Mnamleta lini?”

Nilikuwa gerejini, blanketi mikononi. Sentensi ilitoka yenyewe, nzima.

“Baba, Mama alisema azikwe hapa, karibu nami.”

Ndipo nilipoelewa. Jeneza lingeweza kununuliwa popote. Mtu wa kumsemea ndiye hakuwa naye, ikabidi amtengeneze.

Baba mkubwa hakubisha. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, jeneza ni la mbao gani. Nikamwambia ni la msonobari, na kwamba mimi ndiye niliyeshika utepe.