Kanda ya Kwaya Aliyoimba Dada

Kwaya ya kanisa letu pale Ihanda ilirekodiwa mara moja tu, miaka michache baada ya vita vya Uganda. Mgeni mmoja wa misheni alikuja na mashine ya kurekodia, akaiweka juu ya meza ya madhabahu, akatuomba sisi tusioimba tukae nje tufukuze kuku. Mvua ikanyesha. Bati la kanisa likapiga kelele mpaka hakuna aliyemsikia mwenzake, na waimbaji wakakaa kwenye mabenchi na magauni yao meupe wakiisubiri ikatike. Dada yangu alitoka mlangoni mara moja, akatazama juu, akaniambia, "Mwambie Mungu apunguze kidogo, tunamwimbia yeye mwenyewe." Jua lilipotoka wakaimba nyimbo zote bila kupumzika. Nilikuwa nimeegemea ukuta kwa nje, nikiogopa hata kukohoa.

Kanda zilipokuja zilikuwa na karatasi ya buluu iliyopigwa kwa taipu. Waimbaji waliziita albamu, na neno lenyewe walilitamka kwa maringo. Ziliuzwa baada ya ibada zikaisha. Sisi hatukununua, kwa sababu nyumbani hatukuwa na redio ya kaseti na dada alikuwa na kanda yake aliyopewa kama mwimbaji. Alipoolewa Kiruruma aliondoka nayo, ameifunga ndani ya kitenge.

Mume wake alikuwa mtu wa safari, akinunua kahawa na kuuza nguo. Alifariki kwa ugonjwa ambao wakati ule watu waliutaja kwa kunong'ona, na dada naye akaanza kukonda. Nilikwenda kumchukua kwa baiskeli. Alikuwa mwepesi hata kwenye mlima wa kutokea Kiruruma sikulazimika kushuka nikasukuma. Nyuma yetu, wakwe zake walichoma godoro lake, nguo zake na kila alichokigusa. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa, kama sote tulivyoogopa.

Siku zilizofuata alikuwa akilala barazani kwenye mkeka, akiota jua. Habari za nguo hakuziuliza. Aliniuliza, "Na ile kanda?"

"Nasikia nayo ilichomwa."

Akacheka kidogo. "Basi nimebaki na koo tu."

Na koo lenyewe lilikuwa na vidonda. Hata uji ulimshinda. Kuna asubuhi mama alimwomba aimbe ubeti mmoja wa wimbo wowote, hata kwa sauti ya chini. Dada akafumbua mdomo, ikatoka pumzi tu, akageukia ukutani. Mama hakumwomba tena.

Alifariki msimu wa kuchuma kahawa. Siku ya maziko kahawa yetu ilikuwa imeanikwa uani, ikabidi majirani waikusanye na mikeka yake ili watu wapate mahali pa kukaa. Tukamzika kibanjani, kati ya migomba, karibu na baba.

Wiki nyingi baadaye, tukimenya ndizi jikoni, mama alisema kama anayezungumza na kisu, "Uso wake ninao. Sauti imeanza kunitoka." Akaendelea kumenya. Lakini tulipouza kahawa mwaka ule, sikununua mabati tuliyokuwa tumepanga. Nilinunua redio ya kaseti, nikaanza kutafuta.

Kayanga kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Tanga, mzee wa kofia na kanzu, aliyeuza vitambaa mbele ya duka na kanda za muziki nyuma. Alikuwa na mashine ya kunakili kanda, na spika iliyoning'inizwa mlangoni kwa kamba ya katani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Dansi au taarabu?"

"Kwaya. Kwaya ya Ihanda. Ina karatasi ya buluu."

Alinitazama. "Kwaya zipo, lakini hiyo ya Ihanda sijaiona. Zinanifikia kwa mafungu, za zamani, watu wanauza na redio zao. Mimi ni Mwislamu, sizijui hata majina. Njoo siku za gulio uchague mwenyewe."

Nikawa naenda. Kanda nyingi zilikuwa hazina karatasi, au karatasi imechanika, kwa hiyo hukujua iliyomo mpaka uisikilize. Mzee aliniachia kiti nyuma ya duka. Kila kwaya iliyonishawishi kwamba huenda ndiyo, niliinunua nikaipeleka nyumbani, maana nilijua mama ana masikio kuliko mimi. Alikaa na redio mapajani, ameinamisha kichwa. Wimbo wa kwanza haukufika mwisho kabla hajasema, "Hawa sio."

"Sikiliza na wa pili, mama."

"Hawa sio, mwanangu. Hawa ni wa ziwani, sikia wanavyovuta maneno."

Hivyo ndivyo nilivyopata kanda nyingi. Nilikuwa nazo za kwaya za Bukoba, za Ngara, za Mwanza, na nyingine ambazo mpaka leo sijui ni za wapi. Niliziweka kwenye sanduku la sabuni, likajaa, nikatafuta la pili. Vijana wa Ihanda walianza kuniita mchungaji. Wageni walipokuja na kuona kanda zimepangwa hivyo, walisema nimebarikiwa kupenda nyimbo za Mungu, nami niliitikia amina. Baadhi nilikuja kuzipenda kweli. Nyingine nilizichukia kwa sababu tu hazikuwa ile.

Nilikwenda pia kwa waimbaji wenyewe. Mwalimu wa kwaya alikuwa amehamia shule nyingine. Nilipompata aliniambia kanda mama, ile iliyonakiliwa hizo nyingine, iliondoka na mgeni wa misheni, na yake yeye iliazimwa haikurudi. Akanitajia waliokuwa kwenye kwaya, mmoja mmoja, na mahali walipokwenda. Nilizunguka kwa baiskeli. Nyumba ya kwanza nilikuta kaburi jipya. Ya pili nilikuta bibi na wajukuu. Ya tatu ilikuwa imefungwa, nyasi zimeota mpaka kizingitini, na jirani akaniambia, "Hao wamekwisha wote." Nikaelewa kwamba ninachokitafuta hakikuwa sauti ya dada yangu peke yake. Karibu kwaya nzima ilikuwa imelala kwenye migomba. Niliporudi mama aliniuliza nimewakuta akina nani, nikamwambia watu wengi wamehama.

Aliyekuwa na ile kanda alikuwa mama mmoja wa Nkwenda, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa. Mwanawe aliimba besi, naye alikuwa ameshafariki. Nilimkuta akianika maharage. Nilipomweleza nilichofuata, aliingia ndani, akatoka na kikapu chenye mfuniko, na ndani ya kikapu, chini ya kitabu cha nyimbo na picha ya kipaimara, kulikuwa na karatasi ya buluu.

Nikachuchumaa mbele yake. "Mama, niuzie. Taja chochote."

Akaurudisha mfuniko. "Baba, na wangu yumo humu."

"Una redio ya kuipigia?"

"Sina. Waliiuza wakati anaumwa."

"Sasa unaisikilizaje?"

"Siisikilizi. Ninayo tu."

Nilirudi Ihanda, nikafunga redio kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na nilipopata nafasi nikaenda tena Nkwenda. Tukaiweka kanda. Upande wa kwanza ulikuwa mpira: mtangazaji akipiga kelele, watu wakishangilia. Wajukuu wake walirekodi juu yake zamani, redio ilipokuwepo, na hakuna aliyejua. Yule mama alinishika mkono akaniuliza kwa Kinyambo, "Wamekwenda wapi?" Nikageuza upande wa pili. Mkwaruzo, mkwaruzo, kisha wakaingia wote kwa pamoja, na nyuma yao matone ya mwisho ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati.

Yule mama alimtambua mwanawe mara moja. Alikuwa na besi ya kugonga, akiwahi kidogo kabla ya wenzake. Alijifunika uso kwa khanga, akawa anaitikia kwa kichwa kila mwanawe alipoingia.

Mimi nilimtafuta dada. Aliimba sauti ya pili, sauti inayokaa katikati, na hapo katikati walikuwa wanawake wanne au watano wamefungamana kama nyuzi za mkeka. Nilisikiliza mpaka kanda ikaisha. Alikuwemo, hilo nina hakika. Lakini sikuweza kusema, huyu.

Yule mama hakukubali niondoke na kanda nikainakili. Alikubali kwenda nayo mwenyewe. Tulipanda basi mpaka Kayanga, ameikumbatia kifuani. Alipoingia dukani, mzee wa Tanga aliinuka akampa kiti chake. Alizima dansi iliyokuwa ikipigwa mlangoni. Mashine ikinakili, kwaya ilitoka kwenye ile spika hadi barabarani, na wanunuzi wa vitambaa wakapunguza sauti bila kuambiwa. Ilipokwisha, mzee alikivunja kile kijino cha nyuma cha kanda ya yule mama. "Sasa hakuna atakayeweza kurekodi juu yake," akasema. Nilipotoa pesa alirudisha mkono wangu nyuma. "Hii ya msiba. Nenda kwa mama yako."

Mama alikuwa amechoka siku hizo, haoni vizuri. Niliweka redio mapajani mwake kama zamani, sikumwambia ni kanda gani. Aliinamisha kichwa. Nikasubiri aseme hawa sio. Hakusema. Wimbo wa pili, katikati, msichana mmoja alipanda peke yake, sauti nyembamba, safi kama filimbi. Mama akainua kidole.

"Huyu. Huyu ndiye mwanangu."

Ilikuwa sauti ya kwanza, na dada aliimba ya pili. Nilimfahamu mwenye sauti ile, nilikuwa nimeliona kaburi lake katika kuzunguka kwangu.

"Ndiye, mama," nikasema.

Akacheka na kulia pamoja. Akanitaka nirudishe, akamsikia tena. Tangu siku hiyo kila Jumapili alimngoja huyo msichana, na akishapita alisema, "Basi, zima, nimemwona." Nilipokuwa peke yangu niliipiga nami, sikio kwenye spika, nikiwaacha hao wa juu na wa chini wapite, nikitafuta katikati.

Aliposikia jinsi nilivyoipata, mama alitaka apelekwe kwa yule mama wa Nkwenda. Tulikwenda msimu wa kiangazi, yeye na ndizi zake na kifurushi cha kahawa ya kutafuna. Walisalimiana muda mrefu kwa Kinyambo, wakiulizana habari za nyumbani, za mashamba, za ng'ombe ambao hakuna kati yao aliyekuwa nao. Halafu wakakaa mkekani, redio katikati yao.

"Huyu wako anaita," akasema mama yangu, besi ilipoingia.

"Na wako huyu anamjibu," akasema mwenzake.

Wakasikiliza hivyo, mmoja akimwonyesha mwenzake wake, mpaka betri zikaanza kuisha. Nyimbo zikajiburuta, wanawake wakawa na sauti za wanaume, besi ikawa ngurumo tu. Niliinama kuzima.

"Waache," mama akasema. "Waache wamalize."