Miche ya Bi Time

Harufu ya majani ya mpapai yaliyopondwa siipendi mpaka leo. Ni harufu mbichi yenye uchungu, na katika nyumba yetu ya Ngamiani ilikuwa imeganda kwenye mashuka, kwenye kanzu za baba na sare zangu za shule, kwa sababu sabuni ilikuwa haionekani na mama alifulia majani hayo. Ilikuwa miaka ile ya foleni, nami nilikuwa na miaka tisa. Mtaa mzima ulikuwa unachunguzana, maana kuficha bidhaa lilikuwa kosa mbele ya serikali. Ukianika shuka likang'aa, watu wanapita mara mbili mbele ya ua wako wakijifanya wanatafuta kuku aliyepotea. Mama yangu alikuwa na mtindo wake: anamkumbatia mgeni kwa bashasha, halafu mgeni akishavuka kizingiti anatugeukia na kusema, "Yule anaoga sabuni. Nimemnusa." Tulikuwa tunacheka, lakini na sisi tukaanza kunusa watu.

Nyumba ya pili alipanga Bi Time, mwanamke wa Pemba aliyeshinda barazani akishona kofia. Hakuwa na maneno mengi, na wakati ule kutokuwa na maneno kulitosha kumtia mtu mashakani. Alasiri moja mama alinituma kwake kuazima ungo. Nilipofika mlangoni nikamsikia ndani, nyuma ya pazia, akimwambia kaka yake, "Miche nimeificha uvunguni, nimeifunika gunia. Ikipigwa na jua itaniharibikia." Wee! Miche! Wewe uliyezaliwa juzi huwezi kujua neno hilo lilivyotugonga moyoni. Mche, kwetu, ulikuwa mche wa sabuni, ule mrefu ambao muuza duka aliukata vipande vipande. Kwamba hata mmea mchanga unaitwa mche, nilifundishwa shuleni, lakini nani alikuwa na haja na mimea? Nilirudi nyumbani bila hodi na bila ungo, nikamwambia mama sikumkuta mtu.

Kesho yake bombani, tukiwa kwenye foleni na ndoo zetu, nikawaambia wenzangu kwamba Bi Time ana miche ya sabuni. Rafiki yangu Zubeda akanibetulia mdomo. "Mwongo! Uliiona?" Sikuiona. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na kurudi nyuma ilikuwa aibu. "Nimeiona," nikasema. "Ya buluu, kumi na miwili. Mmoja umetafunwa na panya kwenye ncha." Hakuna aliyeuliza tena. Siku hizi naandika vitabu vya hadithi, na nikialikwa kwenye shule, walimu huniuliza ninawezaje kuumba wahusika ambao watoto wanawaamini, nami hujibu kwa maneno mazuri kuhusu kusikiliza na kuchungulia maisha. Nawaficha. Siri yenyewe ni yule panya. Ni kile kitu kidogo kisicho na faida, ambacho msikilizaji haoni kwa nini mtu ajisumbue kukidanganya.

Na sikuishia hapo, maana utamu ulikuwa umenikolea. Nikasema Bi Time akitaka kukata sabuni anafungulia redio kwa sauti ya juu, jirani wasisikie kisu. Redio alikuwa nayo kweli, na kweli alipenda kuifungulia. Nilichukua jambo la kweli, nikalitia sababu mbaya. Ndivyo ninavyotunga hadi leo, tofauti ni kwamba watu wangu sasa hawana nyumba ya kupekuliwa.

Hazikupita siku tatu, maneno yakamfikia balozi wa nyumba kumi, akaja na mgambo wawili kupekua, jua la saa saba limesimama utosini. Mtaa mzima ukatoka. Walivuta gunia kutoka uvunguni, na chini yake kulikuwa na makopo yamejaa udongo, kila kopo na mche wake wa mkarafuu, wakayatoa yote uani. Kaka yake Bi Time alikuwa amepata kishamba Muheza, wakawa wanasubiri lori lipate mafuta ili wakapande. Bi Time alilia kwa sauti, "Jamani, miche yangu! Msiiache juani, ndiyo shamba langu hilo!" Waliiacha juani. Walipekua godoro, wakapekua dari, wakatoka na kipande cha sabuni kisichozidi kidole gumba. Nikiwa nimejibanza nyuma ya mama nikashusha pumzi. Nilijua nitapigwa, lakini angalau yatakwisha. Wapi! Mama akamnong'oneza jirani, "Ameshaihamisha." Jirani akajibu, "Na hiyo mikarafuu ameiweka makusudi, ya kutupumbaza." Ningeweza kusema neno moja tu, nikanyamaza.

Mwenye nyumba akamwambia Bi Time kwamba hataki balaa, atafute pengine. Siku aliyokuwa anahama nilikutana naye uchochoroni, kabeba kikapu chenye makopo matatu yaliyobaki na majani. Miche mingine yote iliungua kwa jua. "Shikamoo, Bi Time." "Marahaba, mwanangu." Kisha akasimama. "Siku ile nilikuona mlangoni kwangu, ukaondoka bila kusema. Ulikuwa wataka nini?" Nikasema, "Ungo." Akauliza, "Ungo tu?" Nikasema ndiyo, ungo tu. Nilikuwa na nafasi ya pili pale, nikaitupa. Akashika njia, na hatukumwona tena.

Baadaye ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Leo maduka ya Ngamiani yana sabuni mpaka darini, za maua na za limau, na hakuna anayemnusa mwenzake. Mimi ndiye sijapona. Mhusika akinijia kirahisi, akaja na siri yake mbaya tayari mkononi, namtilia shaka mara moja, na zaidi ya hapo najitilia shaka mwenyewe. Namtafutia kwanza siri isiyo na ubaya inayofanana na ile mbaya, ili nione ipi ni yake. Wahariri wananisifu kwa hilo, wanasema watu wangu wana utu. Lakini aibu ya Bi Time ilikuwa inanila, na mwaka jana nilikwenda Nguvumali anakoishi mama sasa, nikamketisha, nikamwambia yote: mama, nilisikia vibaya, mengine niliyatunga, yule bibi hakuwa na sabuni ya kuficha. Mama amezeeka lakini akili zake ni nzima kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Wewe ulikuwa mtoto, ungejua nini?" akasema. "Sabuni ilikuwepo. Mimi niliiona kwa macho yangu haya." Nikamwapia. Akanisogelea, akashusha sauti. "Hebu niambie kweli, mwanangu. Nani kakutuma uje umsafishe?"