Maziwa ya Waithera Yaliyomwagwa Mtaroni

Teresiah alimwaga maziwa ya Waithera mtaroni. Aliyamwaga siku zote ambazo Waithera alikuwa amelazwa hospitalini na mshono tumboni, akijikamua huku ameuma shuka kwa uchungu, akiamini kwamba mtoto anayanywa nyumbani. Na baba wa mtoto alijua. Hilo ndilo kosa lililofanyika mtaa wa Kaloleni, Nairobi, na wanaolisimulia leo hupenda kuanza na mambo mengine.

Teresiah alikuwa dada mdogo wa Gachanja, mume wa Waithera. Alikuja Nairobi na mfuko mmoja wa nguo, Waithera akampokea, akampa kitanda cha jikoni na sehemu yake ya kila kilichopikwa. Alipougua homa ni Waithera aliyemlisha uji. Alipochelewa kurudi ni Waithera aliyemtetea kwa kaka yake. Gachanja mwenyewe alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye stoo za reli, mtu asiyetaka kelele nyumbani, na mtu wa namna hiyo hukubaliana na yeyote anayesema kwa sauti ya juu zaidi.

Kisha Teresiah akapata kazi. Kampuni moja ya maziwa ya kopo ilitaka wasichana nadhifu wenye maneno. Uuguzi hakuusomea hata siku moja, lakini walimvika gauni jeupe na kofia ndogo nyeupe, wakampa kikapu cha makopo, wakamtuma mitaani awafundishe akina mama kukoroga maziwa ya unga. Watoto wa Kaloleni walimkimbilia wakiita, "Nesi! Nesi!" naye hakuwasahihisha.

Mwaka huo Waithera alijifungua binti yake wa kwanza. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza ni wa mama yake baba, kwa hiyo mtoto aliitwa Warigia, jina la mama yao Gachanja na Teresiah. Na jina hilo haliwi jina tu. Mtoto anakuwa nyanya mwenyewe aliyerudi kuwa mdogo. Gachanja akitoka kazini aliuliza mama ameshindaje. Teresiah naye hakumwita kwa jina lingine ila Maitu, mama yangu.

"Maitu, wewe ulinibeba mgongoni," alimwambia akimfunga kwa khanga, "leo ni zamu yangu. Lakini usinikojolee, mimi sikukukojolea."

"Ulimkojolea sana!" Waithera alimjibu kutoka jikoni, wakacheka wote.

Mtoto alikuwa ameanza kutabasamu maumivu yalipomshika Waithera upande wa kulia wa tumbo. Walimkimbiza hospitali wakiwa naye mtoto. Daktari akabonyeza, akasema ni kidole tumbo, kitatolewa leo hii. Waithera hakuuliza kama atapona. Aliuliza mtoto atanyonya nini.

Muuguzi aliyekuwa akimtayarisha alikuwa mama mmoja wa Bungoma, Sista Nangila. "Mnyonyeshe sasa hivi, kabla hatujakupeleka," alimwambia. "Ukiamka vizuri, akili imetulia na mkono una nguvu za kumshika, mnyonyeshe tena."

"Na dawa ya usingizi, sista? Haitamdhuru?"

"Ukishaamka sawasawa, nyingi imekwisha mwilini. Nitamkumbusha daktari kwamba unanyonyesha, akupe dawa za maumivu zinazofaa. Wewe kazi yako ni kutoacha maziwa yakae. Mtoto akiwa mbali, kamua. Mwili hauna macho, mama. Usipokamua utadhani mtoto ameachishwa."

Waithera alianza kulia. Nangila akampangusa kwa kona ya shuka. "Wacha machozi. Kidole tumbo hakinyonyeshi mtu. Tunakitoa hicho, matiti tunakuachia."

Alimnyonyesha Warigia akiwa amelala ubavu, kisha akamkabidhi Teresiah. Wakapatana. Teresiah atamleta mtoto kila saa ya kutazama wagonjwa; Nangila ameshakubali anyonyeshwe verandani. Maziwa yatakayokamuliwa atayabeba nyumbani kwenye kikombe kilichochemshwa na kufunikwa, mtoto anywe mara moja kwa kijiko.

"Teresiah, niapie."

"Mama Warigia! Unaniapisha juu ya Maitu? Nitamnyima maziwa mama yangu mwenyewe?"

Waithera hakuomba kiapo kingine. Watu humdhulumu mke wa kaka, hilo ni la kila siku, wala lisingemshangaza. Lakini mtu amdhulumu mama aliyemzaa? Alimpa mtoto kwa sababu ya jina lile, akalala kwenye kitanda cha magurudumu akiwa na amani.

Siku ya kwanza ya kutazamwa, Teresiah alikuja mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Askari wa langoni amekataa. Anasema watoto wachanga wataokota magonjwa humu."

"Sista Nangila alisema verandani."

"Sasa nipigane na askari mwenye rungu? Lete maziwa niende, Maitu ana njaa."

Nangila alikuwa amehamishiwa wodi nyingine. Waliobaki, Waithera akiwauliza, walimwambia atulie apone. Basi akakamua. Kuinama kulivuta mshono, kukaa wima kulivuta mshono, hata kukohoa. Alijifunza kuegemea mto, akakandamiza kidonda kwa mkono mmoja na kukamua kwa mwingine, na mama wa kitanda cha pili akamshikia kikombe. Teresiah alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sakramenti. Kisha kidonda kikatunga usaha, daktari akakataa kumruhusu, na maziwa ya kile kikombe yakaanza kupungua hadi nusu, kisha robo.

Gachanja alikuja Jumapili.

"Anakunywa?" Waithera alimwuliza.

"Amenona," Gachanja alisema, macho ameyaelekeza dirishani.

Waithera alilishika neno hilo, likamlaza usingizi siku nyingi.

Aliporuhusiwa, mtu wa kwanza kumlaki Kaloleni alikuwa jirani yake Ndanu, mke wa dereva, mwanamke wa Machakos asiyeweza kumpita mtu bila mzaha.

"Karibu nyumbani, Mama Warigia! Wewe umelala kitandani, kumbe binti yako ameajiriwa!"

"Ameajiriwa wapi?"

"Ukumbini! Mwalimu wetu huyo. Anawekwa mezani na kopo pembeni, nesi wenu anatuonyesha mashavu. Sisi wenye watoto wembamba tunakaa nyuma kwa aibu." Ndanu alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikakatika. "Si wewe ulikubali? Alisema maziwa yako yameharibika kwa kisu na dawa, daktari ameyakataza."

"Na yale niliyokuwa nikimpa kila siku?"

Ndanu alitazama chini. "Nilimwona akiyamwaga pale mtaroni, kabla hajafika nyumbani. Nikadhani ni amri ya hospitali."

Waithera aliingia ndani. Gachanja alikuwa amempakata mtoto na chupa mdomoni. Waithera alikaa, akafungua vifungo, akamchukua Warigia na kumpa titi. Mtoto alinyonya kidogo, akaliachia, akajikunja mgongo akalia, mkono unatafuta chupa.

"Baba Warigia, ulijua?"

"Teresiah ndiye mwenye gauni la uuguzi. Mimi napakia magunia."

"Ulijua kwamba hakuna askari aliyekataa?"

Gachanja aliifunika chupa polepole. "Kazi yake ilitaka mtoto wa kuonyesha. Na makopo walimpa bure. Ulikuwa mgonjwa, sikutaka kukuongezea."

"Ulinitazama nikijikamua, Gachanja."

Gachanja aliinuka, akaipeleka chupa jikoni.

Teresiah aliporudi kumchukua Maitu kwa mkutano uliofuata, Waithera alimfungia mlango. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, khanga ameipitisha juu ya mshono, akatembea mwenyewe hadi ukumbini, akisimama kila mara kuvuta pumzi. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Teresiah alisimama mbele na gauni lake jeupe, na karibu yake bwana mmoja wa kampuni, mwenye tai.

"Huyu hapa mama mtoto!" Teresiah alisema kwa haraka, anatabasamu. "Mtasikia kwa mdomo wake."

"Watasikia kwa wako," Waithera alisema. "Waambie ni daktari gani aliyekataza maziwa yangu."

Teresiah alimtupia jicho bwana wa tai.

"Jibu, nesi!" akaita mmoja kutoka nyuma.

"Nesi wa wapi? Huyu alisomea jikoni kwa Mama Warigia!" Ndanu akadakia, na benchi zima likaangua kicheko.

Teresiah alingoja kicheko kipungue. Akainamisha kichwa upande, sauti ikawa ya huruma. "Mama huyu bado ana homa ya kidonda. Mkimwona hivyo msimcheke. Akili haijatulia."

Na waliokuwa wakimcheka Teresiah wakaanza kumtazama Waithera, jasho lake, mkono wake ulioshika tumbo, gauni alilolivaa kinyume kwa haraka. Yule bwana wa tai akasema mama asaidiwe akapumzike. Mkono ukamshika kiwiko kwa upole. Waithera aligeuka akidhani ni Ndanu. Alikuwa Gachanja.

"Twende nyumbani," alimnong'oneza. "Usituaibishe."

Akatolewa nje na mume wake, mbele ya wanawake wa mtaa mzima, kama mwenda wazimu. Watu wanaojua mambo ya Waithera wanasema kidonda cha tumbo kilifunga, na kwamba kile cha kiwiko hajawahi kupata mahali pa kukionyesha.

Alirudi hospitalini kumtafuta Nangila, akampata. Nangila alitikisa kichwa, akamwambia atupe chupa, amweke mtoto kifuani kwanza kila anapotaka kula, kisha ndipo ampe kikombe. Makopo ya bure yaliisha siku ile mtoto alipotolewa mezani. Warigia aliharisha hadi macho yakaingia ndani. Akaishi kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kwa uji mwepesi, na kwa titi moja lililokubali kurudi kidogo. La pili halikurudi.

Lakini aliishi. Katika nyumba ya mbele yao kulikuwa na mama aitwaye Nthoki, aliyeyaona yale mashavu mezani akaacha kunyonyesha. Kopo lilipokuwa ghali alilitia maji zaidi ili lifike mwisho wa mwezi. Mtoto wake hakuiona mvua iliyofuata.

Teresiah aliolewa, ana nyumba Komarock sasa, yenye lango la chuma. Krismasi huja na keki, humletea Warigia viatu, na bado anamwita Maitu. Siku moja Waithera alimwuliza habari ya yale maziwa, wakiwa wawili tu wakiosha vyombo.

"Hayo ni ya zamani, Mama Warigia," Teresiah alisema, anapangusa sahani. "Kwani mtoto si mzima?"

Kwa hiyo deni liko pale pale. Teresiah anadaiwa kusimama ukumbini, mbele ya wanawake wale waliobaki hai na hasa mbele ya Nthoki, aseme kwamba maziwa ya Waithera yalikuwa mazuri, kwamba hakuna daktari aliyeyakataza wala askari aliyemzuia mtoto, na kwamba aliyemwaga ni yeye. Gachanja anadaiwa kusimama kando yake, aseme kwamba mke wake alikuwa na akili timamu siku aliyomtoa nje, na kwamba yeye alijua hivyo alipomshika kiwiko.