Sauti Nyembamba Katika Injini ya Kushoto

Watu wa mtaa wetu wa Mvara, mjini Arua, walinijua kama mwalimu mstaafu mwenye akili timamu, mpaka walipogundua ninakokwenda kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nilikuwa ninakwenda kupanda kivuko. Sikuwa na safari yoyote. Nilifika ng'ambo ya Nile, nikanywa chai ya tangawizi kibandani, nikarudi kwa kivuko kilekile. Jirani mmoja aliniuliza kama nina bwana huko. Nilimjibu kwamba ninaye, ni mzito na anatoa moshi mweusi. Hakuniuliza tena.

Tulikuwa watatu wenye wazimu huo. Wa kwanza alikuwa mzee wa Midia, upande wa Koboko, ambaye sote tulimwita Fundi. Alizaliwa kambini, mtoto wa askari, akajifunza injini hukohuko jeshini, kisha akaajiriwa kivukoni. Alipostaafu, kazi ilimwacha lakini yeye hakuiacha. Wa pili alikuwa mama muuza vitenge, Mkongo aliyehamia Arua miaka mingi iliyopita, mwenye pikapu yake mwenyewe. Alianza kwa kuvusha mizigo. Baadaye akawa anavuka bila mzigo, maana, alivyosema, ile robo saa juu ya maji ndiyo pekee ambayo hakuna mtu anayemwomba apunguze bei.

Mimi niliingizwa na daftari. Niliwapeleka watoto wa shule kuuona mto, na nahodha akatuonyesha kitabu cha safari za kivuko. Kilikuwa kimelowa mvua, kurasa zimegandana, na wino umekuwa mawingu ya buluu. Nina ugonjwa wa kutovumilia kitu kama hicho. Safari iliyofuata nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikaanza kuandika mwenyewe: saa ya kuondoka, saa ya kufika, magari mangapi, maji yako juu au chini, injini zinasemaje. Siku ambazo sikuwepo, nahodha alinitumia habari kwa simu. Miaka ikapita hivyo. Kile kitabu cha ofisi hakikununuliwa kipya, na daftari langu likawa ndilo kumbukumbu pekee ya kivuko kile. Gati lenyewe sitalitaja, maana waliobaki kazini wana watoto wa kulisha.

Tulikuwa tunaondoka Arua alfajiri, muuza vitenge akiendesha na mimi kando yake, tunapita Aroi wakulima wakiwa ndio kwanza wanashika majembe, tunamchukua Fundi Koboko, kisha tunashika njia ya Yumbe kwenda mtoni. Fundi alikuwa na desturi yake, na mabaharia wote waliiheshimu. Alishuka kwenye chumba cha injini na bisibisi ndefu mkononi. Aliweka ncha yake kwenye chuma cha injini, na mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Alianza na injini ya kulia, akamalizia ya kushoto. Akipanda juu na kuinua dole gumba, nahodha anaondoa kivuko. Asipoinua, hakuna kinachoondoka, hata kama lori la mahindi linapiga honi mpaka jogoo wa kijijini wanajibu.

Geji za injini zilikuwa zimekufa zamani. Mshale wa joto ulikuwa umesimama mahali pamoja tangu sijui lini. Kwa hiyo sikio la Fundi halikuwa mapambo. Wale watu wote waliosimama kati ya magari, na mbuzi wao na magodoro yao, walivuka kwa sikio lile, na mpaka Jumamosi yetu nyingine mabaharia waliendesha kwa kuliamini dole gumba lile.

Ulipofika msimu wa mvua, nilisikia kitu. Tulikuwa katikati ya mto, nami nimesimama upande wa kushoto. Chini ya ule mngurumo mzito kulikuwa na sauti nyembamba, kama bawaba ya mlango iliyokauka mafuta. Inakuja, inapotea, inakuja. Nimefundisha darasa la watoto themanini. Najua kuutoa mnong'ono mmoja ndani ya makelele. Nikaandika kwa penseli: injini ya kushoto, sauti nyembamba.

Tulipofika ng'ambo nilimwambia Fundi. Alishuka na bisibisi yake, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Akapanda akijifuta mikono.

"Mwalimu, hii injini iko mzima," akasema. "Iko kuimba. Kelele hapana iko."

Nilimwamini. Nani angemwamini mwalimu wa sayansi kimu dhidi ya Fundi? Tukakaa kibandani kunywa chai. Simu yake ilikuwa mezani, kati ya vikombe, na ikaanza kuita kwa ule mlio mwembamba wa simu za bei nafuu. Iliita mpaka ikakata. Ikaita tena. Yeye aliendelea kutusimulia jinsi walivyobadilisha pampu katikati ya mafuriko, macho yake yakiwa juu ya mto. Muuza vitenge alinitazama. Mimi nikaangalia kikombe changu.

Mngurumo aliusikia. Sauti za watu alizisikia, hasa za wanaume. Ila kila kilicho chembamba kilikuwa kimeshamtoka masikioni, baada ya miaka yote ile ndani ya chumba cha chuma na injini mbili. Nilielewa mara moja, kabla simu haijaita mara ya tatu. Tukiwa njiani kurudi, baada ya kumshusha Koboko, muuza vitenge alisema, "Ule muzee hasikii tena, Mwalimu. Nani atamwambia?"

Nikasema nitamwambia mimi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua wajibu wake.

Mwezi uliofuata sauti ilikuwepo, nikaiandika. Mwezi wa tatu ilikuwepo na imekua, nikaiandika. Fundi alishuka, akapanda, akainua dole gumba. Kila mara nilijiandaa kusema, na kila mara nilimwona jinsi anavyopanda ile ngazi ya chuma, na mabaharia wanavyonyamaza wakimngoja, nikashindwa. Nyumbani alikuwa mzee mwenye shamba dogo la mihogo na magoti mabovu. Pale alikuwa Fundi. Nilijiambia kuwa ni huruma. Sasa naona ilikuwa woga uliovaa kanga ya huruma.

Kisha habari ikaja kwamba mkaguzi anatoka Kampala. Nahodha alinipigia simu kwa wasiwasi. Mkaguzi alikuwa amesema wazi: akikuta hitilafu moja kwenye injini, kivuko kinaondolewa majini, na kingine haahidi. Tulijua maana yake. Kwetu, kitu kikiondolewa kwa ajili ya matengenezo, huondoka kama mume aliyeaga anakwenda kununua sigara, asirudi. Ng'ambo ya mto ingerudi kuwa nchi ya mbali. Na Fundi angebaki na mihogo.

Mkaguzi alichagua Jumamosi yetu. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kitabu cha safari, na nahodha, kwa fahari, akasema kipo, anacho Mwalimu, ukurasa kwa ukurasa. Mkaguzi akaniomba kwa adabu nimpe baada ya chai.

Nilikwenda kukaa ndani ya pikapu. Nilikuwa na kifutio kwenye mkoba. Mwalimu hakosi kifutio. Katika maisha yangu yote ya kazi niliwakataza watoto kufuta makosa. Piga mstari mmoja juu ya kosa, nilikuwa nawaambia, ili kesho tujue ulikosea wapi. Na nilifuta mistari mitatu, miezi mitatu, nikapuliza vumbi la kifutio dirishani, na mahali pake nikaandika: injini zote nzuri. Muuza vitenge alikuwa amekaa kwenye usukani. Aliona yote.

"Andika muzuri," akasema. "Bila mwandiko kutetemeka."

Mkaguzi alisoma daftari lile kwa heshima ambayo sikustahili. Akamwuliza Fundi, na Fundi akajibu kwamba injini anaijua kuliko mke wake na iko mzima. Mabaharia wakacheka. Mkaguzi naye akacheka, akavuka mara moja na kurudi. Siku hiyo sauti ile ilinyamaza, sijui kwa nini. Akaweka sahihi yake. Fundi alituagizia samaki wa kukaanga sote, akala akiimba, na mimi nilikula pia. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Nilidhani nimekiokoa kivuko.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata maji yalikuwa juu. Kivukoni kulikuwa na tipa ya mchanga, malori mawili, gari la hospitali likirudi tupu, na watu wengi wa mnadani, kinamama na watoto wachanga migongoni. Fundi alishuka, akapanda, akainua dole gumba. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kulia. Nilikuwa nimeanza kusimama upande wa kulia.

Katikati ya mto injini ya kushoto ilipiga yowe moja, ikafuata kishindo kilichopita kwenye nyayo zetu, kisha kimya. Injini ya kulia peke yake haikuumudu mkondo. Kivuko kiligeuka polepole, uso wake ukaelekea tulikotoka, kisha kaskazini, na tukaanza kwenda na maji. Watu hawakupiga kelele mwanzoni. Walitazama ufuko ukipita kama watu waliopanda basi la njia nyingine. Kisha mwanamke mmoja akamfungua mtoto mgongoni na kumfunga kifuani, na wenzake wote wakafanya vivyo hivyo. Sijawahi kuona kitu kilichonitia hofu kama mikono ile ikifunga mafundo.

Tulikwama kwenye mafunjo, mbali chini ya gati, tukakaa hapo juani mpaka mitumbwi ilipokuja kutuchukua wachache wachache. Hakufa mtu. Huwa nasema hivyo haraka nikisimulia, kana kwamba ni sifa yangu. Fundi alikataa kupanda mtumbwi mpaka abiria wa mwisho aondoke. Alikaa kwenye chumba cha injini, na nilipomchungulia alikuwa amekandamiza bisibisi kwenye injini iliyokufa, macho yamefumbwa.

Kivuko kilivutwa mpaka ufukweni, na huko ndiko kiliko hadi leo. Watu wanavuka kwa mitumbwi. Magari yanazunguka kwa daraja la Pakwach, na mwenye haraka anaiweka haraka yake mfukoni. Kingine kinakuja, tunaambiwa kila msimu wa kampeni. Mimi siamini, na nadhani hata wanaosema hawaamini.

Wiki chache baada ya ajali walikuja mafundi vijana kufungua injini. Tulikwenda sote watatu, kama watu wanaokwenda kuchukua maiti. Kijana mmoja alitoa vipande vya beringi, vimeungua vikawa na rangi ya buluu, akaviweka kiganjani. Alikuwa na heshima, hakujua anazungumza mbele ya nani.

"Hii ililia kwa miezi, wazee wangu," akasema. "Beringi haiwezi kufika hapa kimyakimya. Mtu yeyote mwenye masikio angeisikia."

Fundi alichukua kipande kimoja, akakigeuza. Kisha akanigeukia mimi, si kijana yule.

"Mwalimu. Wewe ilisikia?"

Muuza vitenge alianza kusema jambo kuhusu jua na safari ya kurudi. Fundi hakumtazama. Ningeweza kudanganya, kufikia hapo nilikuwa na mazoezi.

"Nilisikia," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza. Ile siku niliyokuambia."

Akafikiri. Nilimwona anaihesabu miezi, na ndani ya kila mwezi siku zake, na ndani ya kila siku safari zake, zile zote walizokwenda mabaharia kwa kuamini Jumamosi yake moja.

"Na mimi," akasema taratibu, "siku yote hiyo, mimi ilikuwa naambia watu nini?"

 Alirudisha kipande kwa kijana, akamshukuru, akaenda kukaa nyuma ya pikapu, juu ya mzigo, ingawa nafasi yake mbele ilikuwa wazi. Muuza vitenge alimwita mara mbili. Tulikwenda njia nzima hivyo, vumbi lote likimwendea yeye. Koboko alishuka bila kuaga, na mzee yule alikuwa mtu wa kuaga hata mbuzi.

Nimempigia simu mara nyingi. Mwanzoni nilijiambia kwamba haisikii. Siku hizi hupokea mkewe, ambaye hana ubaya na mimi, maana hakuambiwa. Husema mzee hajambo, anakula, shambani haendi sana. Mwezi uliopita nilimwuliza kama masikio yanamsumbua. Akasema si sana, mambo mengi bado anayasikia, ila amepata tabia ngeni ambayo haielewi. Adhana inapotoka msikitini, pale karibu na nyumba yao, kwa kipaza sauti ambacho hata kiziwi angekisikia, mzee husimama na birika la udhu mkononi, akamwuliza kwanza kama ni kweli imeadhiniwa.