Kadi ya Radi kwenye Akaunti ya Mume Wangu

Admin, jina langu usilitaje wala mtaa wa wazazi wangu, maana huku kwetu watu wana macho. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, naishi Bondeni, nashona mabuibui na magauni nyumbani. Nina mume na binti mmoja. Mume wangu anauza katika duka la vifaa vya ujenzi Makadara. Najua wengine mtacheka mkiona kisa changu kinaanzia kwenye gemu ya simu. Chekeni, lakini mmalize kusoma.

Mimi na mume wangu tunacheza gemu ya kadi. Yeye ndiye aliyenifundisha tulipooana. Unachagua kadi zako kabla ya kuingia, kila kadi ina nguvu yake na hasara yake, kisha unapambana na mtu mwingine popote alipo. Kuna kadi moja inaitwa Radi. Kwa nguvu hakuna inayoifikia, lakini ukiitupa na mwenzako akabaki amesimama, inakula nusu ya uhai wako mwenyewe. Mimi Radi naipenda, ndivyo nilivyo. Mume wangu hataki hata kuiona. Kila nikiiweka alikuwa akiniambia, "Mama Nasra, usiangalie inapiga kiasi gani, angalia ikikosa itakuacha na nini." Yeye hupanga kadi ndogo ndogo za kujilinda, anacheza polepole mpaka mwenzake achoke. Hata akinunua samaki ni vivyo hivyo, muuzaji huchoka yeye bado anapekua matamvua.

Basi juzijuzi nikaanza kuona maajabu. Gemu inakuonyesha marafiki zako wakicheza na kadi wanazotumia. Akaunti ya mume wangu ikawa inatupa Radi. Kila mchezo Radi, tena mwanzo kabisa, anayeitupa hana habari ya kupima. Aliporudi kazini nikamuuliza. Akaniambia, "Nabadilisha kidogo. Mtu hachoki na mambo yale yale?" Sikumwamini. Mtu ninayemjua hivi haamki tu siku moja akawa jasiri.

Nikawa namchunga. Ijumaa amerudi kutoka msikitini, nimemwekea pilau, anakula kwa mkono, simu yake imelala kando ya bilauri ya maji. Nafungua yangu, naona jina lake linacheza. Radi hiyo, imetupwa. Namwangalia vidole viko ndani ya sahani, naangalia simu. Roho ilinipasuka, lakini nikamwongezea kachumbari. Nilijua neno lake la siri analo mtu mwingine, na moyoni nikasema huyo ni mwanamke.

Jumapili nikaenda Mji wa Kale kwa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Pale ndipo anapokaa Salma, jina si lake, mjane wa kakake mume wangu, na watoto wake wadogo. Tangu mumewe afariki yuko eda, hatoki. Nilimpelekea mkate wa sinia kama ninavyofanya siku zote. Salma ni mpole, ukimuuliza jambo anakujibu akiangalia mkeka. Tumekaa tunazungumza, simu yake ikanguruma. Ngurumo ile naijua, ni ya Radi ikitua. Akaigeuza kifudifudi upesi. Mavyaa akaona kuwa nimeona, akasema, "Mumeo ndiye alompa mchezo wake, apate pa kupitisha fikira. Eda ni ndefu, mwanangu." Kisha akajimiminia kahawa akaongeza, "Na sasa yaishilia. Watoto wale wataka baba." Hakumwangalia Salma, wala mimi hakuniangalia.

Jioni nikamkabili mume wangu. Akasema, "Nimemwonea huruma mke wa ndugu yangu. Pana ubaya gani?"

"Mbona ulinificha?"

"Kwa sababu ungefikiria hivi unavyofikiria."

Nikamuuliza wazi kama ana nia ya kumuoa. Akasema, "Mtu yuko eda, maneno hayo hayazungumzwi." Amekuwa shekhe ghafla. Hakusema ndiyo, hakusema la, akaingia kuoga.

Jamani, dini naijua. Najua ameruhusiwa, na mimi si wa kumharamishia mtu halali yake. Na Salma namhurumia kweli, kuachwa na watoto wadogo si mchezo. Kuna saa najiambia ni shetani tu ananitia wasiwasi, mtu kafiwa na kapewa kitu cha kujiliwaza, basi. Lakini kufichwa kunaniuma. Nalala naye, nampikia, na siri yake anayo mwingine.

Sasa sikilizeni la jana. Amerudi na kitambaa kizuri, rangi ya zambarau, amekichagua mwenyewe. Mavyaa anataka nimshonee Salma gauni la kutokea eda, avae siku ya kuogeshwa na kufukizwa udi. Nikasema sawa, vipimo vyake ninavyo, nilimshonea la Idi mumewe akiwa hai. Mume wangu yuko mlangoni anavua viatu, hata hakuinua uso, akasema, "Kiunoni mpunguzie. Amekonda sana."

Mwanamke wa eda haonwi na shemeji yake. Na mume wangu aliniapia kuwa akienda pale husalimu nje ya pazia akaondoka. Labda mamake ndiye aliyemwambia. Labda. Mimi sikumuuliza, nilikunja kitambaa nikaenda jikoni.

Tangu asubuhi niko mbele ya cherehani na mkasi sijaugusa, na gauni linatakiwa Alhamisi. Nikimpigia mavyaa na akasema yeye hakutamka neno kuhusu kiuno cha Salma, nitakuwa nimejua, na nikishajua sitaweza kukaa ndani ya nyumba hii. Nisipompigia, nitamshonea mwanamke mwingine gauni la kumpokelea mume wangu, kwa mikono yangu. Mliowahi kufikwa na haya nisemesheni, hata kwa ukali. Nimpigie mavyaa, au nikate kitambaa?