Mama Asiyerudi wa Advera

Mama yake Advera alipanda treni stesheni ya Tura akisema anakwenda Uvinza kufuata chumvi. Hakurudi. Mtoto akabaki na bibi yake, Kashindye, aliyemtia kwenye biashara mapema. Treni ikisimama, Advera alikimbia na beseni la asali na karanga, akichungulia kila dirisha kumtafuta mama kabla ya kukumbuka kunadi. Siku ambazo hakuuza, bibi alimnyima chakula.

Leo Advera anaishi Kanyenye, mjini Tabora, na ni mwandishi wa riwaya. Katika vitabu vyake watoto hufanya kazi za wakubwa, na aliyeondoka harudi kamwe. Anselm, mhariri wake, alimpigia simu kuhusu riwaya mpya.

"Dada Advera, wasomaji wamechoka kulia. Safari hii mrudishe huyo mama."

"Wangu hakurudi, Anselm. Huyo nitamtoa wapi?"

Hata hivyo alijaribu. Alimshusha mama kwenye treni, akaandika mtoto anamkimbilia. Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena, majuma kwa majuma. Mtoto aligoma kukimbia. Mwishowe akamwacha afanye atakavyo. Mtoto akasimama na beseni lake, akamuuliza mama, "Siku zote hizo ulikuwa unampikia nani?"

Advera akalia kuliko alivyowahi kulia Tura. Kisha akaituma sura hiyo, akamwonya Anselm asiguse hata nukta.

Kitabu kilipotoka, jirani yake Bi Mwanamkuu, mshonaji, alikuja nacho mkononi.

"Shikamoo, mama," Advera akamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, mimi nilipoachika nilimwacha binti yangu kwa wakwe, kule Bukene. Sasa ni mtu mzima. Nikienda, atanipokea?"

Advera alitamani kusema ndiyo.

"Sijui, mama. Huenda akakufukuza. Lakini nenda, akuulize anachotaka kukuuliza."

Wiki hiyo Bi Mwanamkuu alifunika cherehani, akaenda. Aliporudi alisimulia kuwa binti hakumkumbatia. Alimwekea kigoda, akaendelea kupepeta mpunga, lakini alimsikiliza hadi mwisho.

Sasa Advera anaandika riwaya inayosimuliwa na mama anayemwacha mtoto. Ni kazi ngumu. Bado ana hasira na mama huyo, na kuna siku huinuka mezani bila hata mstari mmoja. Kesho yake hukaa tena.